Shoka Lisilo Mpini Halichanji Kuni

Kila zama huja na maneno yake. Zamani mtu aliyeamka alfajiri akakaanga mahamri, akaweka akiba yake kidogo kidogo, mwisho akajenga nyumba ya mawe, tulimwita mchumi, au tulisema tu kwamba fulani ni mtu wa kujihimu. Siku hizi mtu huyo amepewa jina kubwa zaidi, naye huitwa mjasiriamali. Kurasa za magazeti zimejaa habari zake. Hukosi kusoma juu ya kijana aliyeanza na kikapu cha karanga na leo ana duka, au mama aliyefiwa na mumewe akalea watoto sita kwa viazi karai. Habari hizo hupendeza, na mimi ni mmoja wa wanaozisoma mpaka nukta ya mwisho.

Lakini kuna jambo moja katika habari hizo ambalo kwa muda mrefu limekuwa likinisumbua. Karibu zote huishia mahali pamoja, kwamba mtu huyu alisubiri, akajitahidi, hakukata tamaa, na kwa hivyo akafanikiwa. Nami ninaishi Junda, huku Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Hapa nawaona kila siku watu wanaojihimu si chini ya hao wanaoandikwa. Wanaamka kabla ya adhana, wanalala baada ya watu, na mwaka ukiisha wako pale pale walipoanzia. Je, hawa hawakusubiri? Hawakujitahidi? Wahenga walisema kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Ni kweli, lakini wako wanaogaagaa na upwa umri mzima, na wali wao ni mkavu vile vile.

Basi swali ninalotaka tulizungumze leo, wasomaji wangu, ni hili: mtu anayeshinda shida zake hushinda kwa nini hasa? Na yule asiyeshinda amepungukiwa na nini?

KISA CHA SHOKA

Jawabu bora ninayoijua imo katika kisa ambacho wengi wetu tulikisikia chuoni au msikitini, nacho amekipokea Abu Daud kutoka kwa Anas bin Malik. Mtu mmoja katika Ansari alikwenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kuomba. Mtume hakumpa kitu wala hakumfukuza. Alimwuliza nyumbani kwake mna nini. Yule mtu akajibu kwamba mna nguo moja, nusu hujifunika na nusu huitandika, na bakuli la kunywea maji. Akaambiwa avilete. Vikanadiwa mbele ya watu; mmoja akataja dirhamu moja, mwingine akazidisha kwa dirhamu mbili, akauziwa. Dirhamu moja mwenyewe akaambiwa anunue chakula awapelekee watu wake, na ya pili anunue shoka alilete. Alipolileta, Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, kisha akamwambia aende akakate kuni auze, na asimwone kwa siku kumi na tano. Siku hizo zilipotimia, yule mtu alirudi akiwa na dirhamu kumi, amekwisha nunua nguo na chakula.

Kisa hiki hutumiwa sana kuwakemea waombaji, na mafunzo hayo yamo. Lakini tukikiangalia vizuri tutaona kwamba mwenye kuomba hakuambiwa tu, "Nenda kafanye kazi." Alifanyiwa mambo manne. Kwanza, aliulizwa ana nini, na kile kidogo alichokuwa nacho kikapewa thamani. Pili, alitafutiwa soko: watu waliitwa, bei ikapandishwa mpaka ikawa mara mbili. Tatu, alipewa chombo cha kazi, na chombo chenyewe kikatengenezwa mpaka kikafaa mkononi mwake. Nne, alipewa muda, na huku nyuma watu wake wana chakula, na muda ulipokwisha akaja kutoa hesabu. Jasho lilikuwa lake peke yake. Mpini ulitiwa na mwingine.

Kwa kipimo hicho cha mambo manne, natazama sasa kazi zilizofanyika katika bara hili letu la Mombasa.

BOMBOLULU NA NENO "WASIOJIWEZA"

Kutoka Junda, ukishuka hadi barabara kuu ya Malindi, utafika Bombolulu. Jina hilo wengi hulijua kwa kituo cha matatu. Wachache huingia ndani kutazama karakana zilizoanzishwa hapo mwaka 1969 na chama cha kitaifa cha walemavu wa viungo, ambacho chenyewe kilianza mwaka 1952 na hujulikana kwa herufi zake APDK. Humo wanaume na wanawake wenye ulemavu hufua shaba wakafanya mikufu na vipuli, hushona nguo na mikoba, huchonga miti, na hukata ngozi kwa viatu na mishipi. Viti vya magurudumu vya kuwabebea wenzao navyo hutengenezwa hapo. Baadaye pakaongezwa kituo cha utamaduni chenye nyumba za kikabila na ngoma, ili mgeni anayekuja kutazama mambo ya kale apite pia kwenye duka la kazi za mikono.

Ni vizuri tukumbuke hali ilivyokuwa mwaka huo wa 1969. Polio ilikuwa bado inapooza watoto wa nchi hii, na kisa cha mwisho cha ugonjwa huo uliozaliwa humu humu nchini kilikuja kuonekana mwaka 1984. Mtoto aliyepooza miguu aghalabu alifichwa nyumbani, au alipelekwa mjini kukaa kwenye ngazi za duka na kopo mbele yake. Magazeti na redio ziliwaita "wasiojiweza", wala hakuna aliyeona ubaya wa neno hilo. Tulilisahau onyo la wazee wetu kwamba kabla hujafa hujaumbika. Tulisahau pia kwamba Abdullahi bin Ummi Maktum, kipofu ambaye kwa ajili yake iliteremka Sura ya Abasa, alikuwa mwadhini wa Mtume, na zaidi ya mara moja aliachiwa mji wa Madina autazame Mtume alipotoka safarini.

Karakana za Bombolulu ziliuvunja uwongo wa neno hilo kwa njia ya vitendo. Wakati mmoja watu zaidi ya 100 walikuwa wakipata riziki hapo, wengine wakikaa na kulea watoto wao papo hapo, na vitu vyao vikiuzwa Ulaya na Marekani kupitia vyama vinavyofanya biashara ya haki na mafundi wa nchi maskini. Kipuli kilichovaliwa na bibi mmoja wa London kilifuliwa na mtu ambaye jirani zake walidhani hawezi hata kujiosha.

Sasa tupime. Walichokuwa nacho ni mikono na akili, navyo vikapewa thamani. Chombo cha kazi kilikuwapo, na kilitengenezwa kwa kadiri ya mwili wa mtumiaji: meza ya kimo cha mtu aliyekaa, mlango wa kupita kiti cha magurudumu, nyumba karibu na kazi ili asihangaike na matatu ambayo utingo wake hana subira ya kumpakia. Muda ulikuwapo, kwani ufundi wa shaba haupatikani kwa wiki mbili. Mambo matatu kati ya manne yalitimia sawasawa.

La nne, yaani soko, ndilo lililokuwa na ufa.

MWENYE KULIPA DENI LA MWINGINE

Soko la Bombolulu, kama soko la wachongaji na la vijana wa ufukweni, lilitegemea sana mgeni. Na mgeni ni kama ndege wa msimu, akisikia mlio huruka. Mwezi Agosti 1997 yalipozuka machafuko ya Likoni, wageni waliondoka. Mwaka uliofuata ubalozi wa Marekani ulilipuliwa Nairobi. Mwezi Novemba 2002 ikaja bomu ya hoteli ya Kikambala. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi ikaingia katika mauaji. Mwezi Mei 2014 makampuni ya Uingereza yaliwachukua wasafiri wao Mombasa yakawarudisha kwao kabla likizo zao hazijaisha. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona, na viwanja vya ndege vikafungwa dunia nzima.

Tazameni orodha hiyo, kisha niambieni ni jambo gani humo lililofanywa na fundi wa shaba aliyeketi kwenye kiti chake Bombolulu. Hakuna. Lakini kila mara yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kulipa. Mikufu ilijaa kabatini, mishahara ikawa migumu. Mtu aliyekwisha kuushinda ugonjwa, na kuushinda ujinga wa majirani, akajikuta akishindwa na magazeti ya Ulaya. Ukimwendea ukamwambia asikate tamaa, utakuwa umemwambia neno analolijua tangu utotoni. Alichokuwa akikihitaji ni mnunuzi asiyepanda ndege.

Ndugu zetu wachongaji wa Changamwe walikutana na mitihani hiyo hiyo. Uchongaji wa Wakamba yasemekana ulianza na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, na mwaka 1963 mafundi waliohamia Mombasa waliunda chama chao cha ushirika huko Changamwe. Wao pia hutegemea wageni, na wakapata msiba wa pili, kwani muhugu na mpingo vilikwisha misituni. Lakini kwa sababu chama ni chao wenyewe, walikaa wakashauriana, wakaugeukia mwarobaini, mti unaoota nyuma ya kila nyumba ya Pwani na unaokua upesi. Hapo naona faida ya ushirika kuliko kazi ya mtu mmoja mmoja. Mchongaji aliye peke yake akikosa mpingo huacha kazi, lakini walio pamoja huweza kutafuta mti mwingine.

CHEREHANI YA JUNDA

Turudi sasa Junda, ambako hakuna karakana kubwa wala chama cha tangu 1963. Hapa kila mtu ana kibanda chake. Kuna wauza mbaazi, mafundi wa baiskeli, vijana wa bodaboda, wanawake wanaosuka makuti, na wavuvi wanaoingia hori ya Tudor kutafuta kaa na kamba. Wengi ni watu waliokuja kutoka Kilifi, Kwale, Lamu na bara, wakachanganyika na wenyeji waliokuwa hapa tangu zama za mashamba ya minazi na miembe.

Miongoni mwao yuko fundi wa nguo ambaye miguu yake ilipooza udogoni. Nampelekea kanzu zangu, na siku moja nilimwuliza cherehani yake aliipata wapi, kwani niliona kichwa chake kimetiwa mkono wa kuzungushia ambao si wa asili yake. Akacheka, akanieleza. Miaka kadhaa nyuma walikuja watu wa msaada, sina haja ya kuwataja, wakaandika majina ya walemavu wa mtaa. Baada ya miezi walirudi na gari, wakapiga picha, wakampa cherehani mpya.

"Cherehani ya miguu, shekhe wangu," akaniambia. "Mimi wa kukanyaga kwa miguu gani?"

"Hukuwaambia?"

"Niliwaambia. Wakasema hizo ndizo zilizonunuliwa, na karatasi zimekwisha pigwa muhuri."

Ilikaa ndani mwaka mzima, imefunikwa shuka. Wako waliomshauri aiuze, na lau angeiuza ingesemwa kwamba hao ndio walemavu, ukiwapa kitu huuza. Mwisho rafiki yake mmoja, fundi wa baiskeli, alikifungua kile kichwa kwenye meza yake, akakipachika juu ya kisanduku cha mbao, akatafuta mkono wa cherehani kuukuu akautia kwenye gurudumu. Hakumtoza kitu ila kofia ya kiua. Tangu siku hiyo fundi wetu huzungusha kwa mkono wa kulia na kuongoza nguo kwa wa kushoto, na msimu wa Idi hana nafasi ya kusema nawe.

Waandishi wakija watasema kwamba huyu ni shujaa aliyeshinda ulemavu wake. Ushujaa anao. Lakini aliutumia ushujaa huo huo mwaka mzima akiitazama cherehani iliyofunikwa shuka, wala haukumletea hata senti. Kilichobadilisha mambo ni mtu wa pili aliyetia mpini.

NYUMBA BILA ARDHI

Tukiuliza swali la kwanza la kile kisa, kwamba nyumbani kwako mna nini, mtu wa Junda ana jawabu la ajabu. Ana nyumba, lakini ardhi si yake. Wageni hustaajabu wakisikia hivyo. Sisi tumeizoea hali hii ya "nyumba bila ardhi", ambapo mtu hujenga kwa idhini ya mwenye kiwanja, humlipa kodi ya mahali, na mwenye kiwanja akibadili nia huna la kusema. Mizizi yake ni mirefu. Sheria ya hati za ardhi ya Pwani ya mwaka 1908 ilitaka kila mwenye kudai kipande ajiandikishe. Waliojua sheria na waliokuwa na uwezo walijiandikisha, na wengi wasiojua wakajikuta ni maskwota katika mashamba ya babu zao.

Matokeo yake hayako mahakamani tu, yako pia sokoni. Benki hutaka hati. Mwenye kibanda cha viazi aliyejenga vyumba vinne vya kupangisha hapa Junda ana mali ya kutosha kumdhamini, lakini karatasi hana, kwa hivyo machoni pa benki ni mtu aliye mikono mitupu. Ile nguo na lile bakuli anavyo, ila hakuna anayekubali kuvinadi.

Kisha liko jambo la riba, ambalo kwetu sisi Waislamu si dogo. Mfuko wa serikali uitwao Hustler, uliofunguliwa tarehe 30 Novemba 2022, hutoza asilimia 8 kwa mwaka, na wako watu wengi ninaowajua waliokataa kuugusa kwa kuogopa dini yao. Benki za kufuata sharia zipo tangu mwaka 2008, nazo ni Gulf African Bank na ile iliyoitwa First Community Bank, ambayo mwaka 2023 ilinunuliwa na Premier Bank ya Somalia. Ni neema kuwa nazo. Lakini nazo ni benki, hutaka dhamana kama nyingine, na mwuza mbaazi hana dhamana ila jina lake jema mtaani.

SHOKA NA PANGA

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya wauza mbaazi, nchi ina mambo makubwa zaidi. Nami nitawajibu kwamba waulize wenye maduka ya Kisauni ni saa ngapi hufunga jioni. Kwa miaka mingi sasa mitaa yetu imetajwa magazetini kwa sababu ya vijana wanaotembea makundi makundi na mapanga, wakikata watu na kupora simu na mauzo ya siku. Wanaoporwa si matajiri. Ni huyo huyo mama wa viazi karai anayerudi nyumbani na pesa zake kwenye ncha ya leso.

Sisemi kwamba umaskini ni udhuru wa kumkata mtu, la hasha. Wako maskini elfu wasioshika panga kwa mmoja anayeshika, na mhalifu hana budi ahukumiwe. Ninalosema ni kwamba chuma cha shoka na chuma cha panga ni kile kile. Kijana wa miaka kumi na sita asiyekuwa na ufundi, aliye na nguvu na saa nyingi za kukaa barazani, atatiwa mpini na mtu wa kwanza atakayemfikia. Akitangulia fundi, huwa fundi. Akitangulia mwingine, tunajua atakuwa nini. Hiyo ndiyo hatari iliyopo, nayo haingojei tumalize mikutano.

SHERIA TUNAZO

Mtu asidhani kwamba serikali haijui haya. Kwa karatasi tumekwenda mbali. Sheria ya watu wenye ulemavu ilipitishwa mwaka 2003, na baraza lao la kitaifa huwapa baadhi yao vyombo vya kazi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 54, imetaka wapate pole pole asilimia 5 ya nafasi katika vyombo vya kuchaguliwa na vya kuteuliwa. Na tangu mwaka 2013 imeamriwa kwamba asilimia 30 ya manunuzi ya serikali iwekewe vijana, wanawake na watu wenye ulemavu.

Hili la mwisho ndilo lenye maana zaidi kwa hoja yangu, kwa sababu ndilo soko lisilopanda ndege. Shule zinahitaji sare, hospitali zinahitaji shuka, kaunti inahitaji viti na meza. Lau karakana kama za Bombolulu, na mafundi wa Junda wakiungana, wangepata sehemu halisi ya kazi hizo, machafuko ya uchaguzi yangewatikisa lakini yasingewaangusha. Lakini maskini akipata kazi ya serikali hukutana na mtihani mwingine, nao ni kungoja malipo. Madeni ambayo kaunti hazijayalipa ni jambo linalojulikana nchi nzima. Kampuni kubwa inaweza kungoja mwaka. Fundi aliyekopa kitambaa hawezi kungoja mwezi, akingoja huuza cherehani. Kumpa mtu soko bila kumlipa ni kununua ile nguo kwa dirhamu mbili kisha ukaondoka nayo.

Na soko si lazima liwe la serikali. Huko Gazi, pwani ya kusini, wanakijiji tangu mwaka 2013 wanatunza hekta 117 za mikoko, na hulipwa kwa hewa chafu inayozuiliwa na miti hiyo, kisha fedha huingia katika maji na shule za kijiji. Mikoko tunayo hata sisi, ukingoni mwa hori ya Tudor, ingawa imekatwa mno na imejaa taka za mji. Mtu aliulizwa ana nini nyumbani, akakumbuka bakuli. Sisi tukiulizwa, tukumbuke mikoko.

NA SISI JE?

Sasa nageuka kwetu, kwa maana kuilaumu serikali ni kazi rahisi. Ukivuka hori kutoka huku kwetu utaona majengo ya chuo cha Tudor. Leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Lakini wazee hulikumbuka jina lake la kwanza, MIOME, chuo kilichoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kuwafunza ufundi Waislamu wa Afrika Mashariki, na kuanza kupokea wanafunzi mwaka 1951. Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na Mabohora walitoa mali zao pamoja na fedha za serikali ya kikoloni. Wenye fedha wa siku zile waliona kwamba vijana wa Kiislamu wanabaki nyuma, wakatia mpini mmoja mkubwa, nao umechanja kuni kwa vizazi.

Leo tunafanya nini na sadaka zetu? Tembea Mombasa siku ya Ijumaa. Utaona safu za waombaji, wengi wao vikongwe, vipofu na viwete, wakipita duka kwa duka, na kila mwenye duka ameweka bakuli la sarafu kaunta. Kila mmoja hupewa shilingi chache, akaondoka, na Ijumaa ya pili akarudi. Sisemi vibaya juu ya anayetoa, kwani kila mtu na nia yake. Wala mkongwe asiyeweza tena kazi hana lawama kuomba. Lakini katika safu ile wamo watu wenye mikono mizima na macho mazima, ambao tumewapa sarafu kwa miaka ishirini na hatujawauliza hata siku moja nyumbani kwao mna nini.

Na hapo sheria yetu wenyewe iko mbele yetu. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu Pwani, wameeleza kwamba maskini mwenye ufundi apewe katika zaka kiasi cha kununua vyombo vya kazi yake, viwe vya bei ndogo au kubwa, ili atoke katika umaskini asirudi tena. Imamu Nawawi ameliandika hilo wazi katika Al-Majmuu, karne saba na zaidi zilizopita. Hatuhitaji fatwa mpya. Tunahitaji msikiti mmoja uanze.

Nasikia mtu akisema: ukimpa cherehani ataiuza. Huenda. Lakini kumbukeni siku kumi na tano. Yule mtu hakupewa shoka akasahauliwa. Alikuwa na siku ya kurudi na kusema amepata nini. Anayepewa na watu wanaomjua, wanaoswali naye safu moja na watakaomwuliza mwezi ujao kazi inakwendaje, hauzi kwa wepesi. Anayepewa na gari lililokuja kupiga picha, hana wa kumtolea hesabu.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, na kila mwenye bora kuliko haya ayalete. Kamati ya kila msikiti wa Kisauni, kuanzia hapa Junda, ichukue kabla ya Ramadhani ijayo majina ya watu watano tu, waume kwa wake, wenye ufundi na wasio na chombo. Iwaulize wenyewe wanataka chombo gani, wala isiwanunulie kwa kukisia. Sehemu ya zaka ya mtaa iwekwe kwa ajili hiyo. Wenye maduka na wenye madrasa miongoni mwetu wawape kazi ya kwanza, sare au kofia au milango, na wawalipe siku ya kupokea. Kisha baada ya miezi mitatu waitwe wasomewe hesabu mbele ya wenzao.

Watano si wengi. Lakini misikiti yetu ni mingi, na Ramadhani huja kila mwaka. Na wale watakaofanikiwa, waandishi watakapokuja kuwauliza siri yao, watakuwa na jina la mtu wa pili la kutaja.